Aliyeyavaa Magauni Yote

Kitambaa cheupe ni adui wa fundi. Ukikigusa kwa mkono wenye jasho kinashika alama, ukikiweka karibu na dirisha kinakula vumbi lote la barabara, na tone la mafuta ya cherehani likikidondokea, hilo gauni umelinunua wewe. Nimeshona magauni ya kipaimara kwa miaka mingi hapa Kijenge, nyuma ya nyumba yangu, kwenye banda la mabati ambalo mume wangu alilijenga kwa ajili ya kuku. Kuku walikufa kwa kideri, cherehani zikachukua nafasi yao. Watu walikuwa wakinitania kwamba nimegeuza banda la kuku kuwa kiwanda, nami nikicheka nao. Siku hizi utani huo siupendi.

Kwa sababu ya huo weupe, banda lina sheria zake. Msimu wa kipaimara ukikaribia tunafunga madirisha na kuziba nafasi ya chini ya mlango kwa matambara, maana barabara yetu haina lami na kila bodaboda inayopita inatuachia zawadi yake. Chai hainywewi ndani. Anayetoka kwenda chooni lazima anawe mikono na miguu kabla ya kurudi kukaa. Kupaka mafuta mikononi ni marufuku hata ngozi ikichanika. Jua la mchana likishapiga bati, humo ndani panakuwa kama sufuria iliyofunikwa, na nyuzi zinazopeperuka kutoka kwenye ovaloki, ile mashine ya kumalizia kingo za kitambaa, zinaganda kwenye jasho la shingo. Mafundi wangu watatu ni wanawake wazima. Wakichoka wananiambia, wakichoka sana wananisema kwa sauti ya kunisikilizisha, na siku wakiamua kuondoka wataondoka. Sheria niliwatungia wao, na wao walijua namna ya kuzivunja.

Mtoto hakujua. Yeye alizifuata zote. Ili asipoteze muda kunawa miguu, aliacha kunywa maji mchana. Nilipokuja kugundua, miezi ilikuwa imekwisha kupita, na nilichofanya ni kumsifu mbele ya mafundi kwamba huyu ana akili ya kazi.

Huyo mtoto ni wa dada yangu. Hatukuzaliwa tumbo moja na dada. Mama zetu ndio ndugu, na kwetu ni Nkoaranga, juu ya hospitali, kule ambako mvua ikinyesha njia za kwenda mashambani zinateleza mpaka mbuzi wanaanguka. Mama yangu aliolewa mjini, na nilipozaliwa alihitaji mtu wa kunishika. Dada akaletwa. Alikuwa bado yuko shule ya msingi, darasa la tano au la sita, hakuna aliyejali kukumbuka. Alinibeba mgongoni mpaka nikaanza kutembea, halafu akabaki akifua na kupika. Wenzake wa rika lake huko mlimani walipata kipaimara akiwa jikoni kwetu. Mama alikuwa akimwambia ataenda mwaka ujao, na sidhani kama alikuwa na nia mbaya, kila mwaka kulikuwa na sababu. Mwisho dada akapata mimba, akarudishwa nyumbani, akaolewa kimila na mwanamume mwingine, na tangu hapo aliona haya kwenda kukaa darasani na watoto akikariri amri kumi.

Mtu asiye wa kwetu anaweza kuliona hilo kuwa jambo dogo. Kwetu ni kubwa. Dada anakwenda kanisani kila Jumapili, anaimba kuliko wengi, lakini siku ya chakula cha Bwana watu wanapoinuka kwenda mbele, yeye, kwa kuwa hana kipaimara, anabaki kwenye benchi na watoto wadogo. Nimemwona akibaki hivyo maisha yangu yote. Anawapisha watu magoti yake, kisha anajifanya anatafuta wimbo kitabuni.

Kwa hiyo aliponiletea kitinda mimba wake nilielewa alichokuwa akiniletea. Mtoto alikuwa amemaliza darasa la saba na hakuchaguliwa kuendelea. Hakuwa amefika hata miaka kumi na minne. Alikuwa msichana mwembamba, mrefu wa wastani, mpole wa kukera, na alinisalimia shikamoo mama mdogo huku akiangalia cherehani zangu badala ya kuniangalia mimi. Dada alikuwa amekuja na mkungu wa ndizi na galoni la maziwa ya mgando, kama kawaida yake. Alikataa kuingia ndani, akasema viatu vyake vina tope.

"Mfundishe kazi, mdogo wangu," aliniambia. "Mtume unavyotaka, ni mtoto wako. Ila kipaimara. Mengine yote nakuachia, kipaimara asikose."

"Dada, si unanijua mimi."

"Nakujua. Ndiyo maana nasema mapema."

Tulicheka wote wawili. Alikuwa hajawahi kunitajia hata siku moja kwamba cha kwake alikikosa akiwa amenibeba, na siku ile pia hakunitajia. Mtoto alikuwa ameshasoma mwaka wa kwanza wa mafundisho huko kwao. Ulibaki mwaka mmoja tu, na usharika wetu ulikubali aumalizie hapa. Darasa lilikuwa Jumamosi asubuhi. Kutoka kwangu hadi kanisani ni mwendo wa kumaliza kutafuna muwa.

Nataka kusema ukweli kuhusu Jumamosi, maana hapo ndipo ninapojitetea nikiwa peke yangu, na utetezi wangu unaishia njiani. Sikumkataza hata mara moja. Mtu akikuambia nilimfungia mtoto ndani asiende kanisani, amesema uongo. Nilikuwa nasema, "Malizia hayo mapindo, darasa utaliwahi." Yeye alikuwa anainamisha kichwa na kuongeza kasi. Mapindo yalipoisha kulikuwa na nyuzi za kukata, na nyuzi zilipoisha mteja alikuwa mlangoni anasubiri sketi za shule, na mtoto alipofika kanisani wenzake walikuwa wanatoka. Baada ya muda nikawa sisemi tena kwamba ataliwahi. Nikawa nasema, "Wiki ijayo." Ilikuwa sauti ya mama yangu kabisa, na niliisikia, nikaendelea kukata kitambaa.

Na kwamba nilimfundisha kazi, hilo nalo silisemi kwa sauti kubwa. Mwaka mzima alishona mapindo. Mapindo, kukata nyuzi, kupiga pasi, kufagia. Kola sikumfundisha, zipu sikumfundisha, kukata kitambaa ndiyo kabisa. Mtu anayeshona pindo vizuri kama yule unamwacha hapohapo, maana ukimhamisha utampata wapi mwingine. Chakula alikula tulichokula sisi. Alilala na binti zangu. Sikumpiga. Malipo hatukupangiana, kwa sababu mtoto wa ndugu anayejifunza halipwi, ndivyo tulivyozoea, na nilikuwa nimejiahidi kwamba siku moja nitampa cherehani yake mwenyewe. Siku moja hiyo sikuwa nimeipangia mwaka.

Mwaka ule ndio wazee wa kanisa waliamua magauni ya wasichana yawe ya sare. Walikuwa wamechoka na mashindano ya wazazi: huyu anashusha gauni la harusi lililopunguzwa, yule anakodi lenye mkia wa kubebwa na wadogo zake, na mtoto wa mjane anasimama katikati yao na gauni la dada yake lililopauka. Kitambaa kimoja, mshono mmoja, fundi mmoja. Fundi huyo akawa mimi. Nilitangazwa kanisani baada ya ibada, watu wakanigeukia, nikainamisha macho kwa unyenyekevu ambao sikuwa nao. Nilirudi nyumbani nikijiona mtu aliyeaminiwa na Mungu mwenyewe.

Wasichana tuliwapima uani kwa kanisa. Lakini watoto wa umri ule ukiwapima leo, ukimaliza kushona wamekwishaongezeka, kwa hiyo fundi mzoefu anaacha pindo nene na kuliangalia tena gauni likiwa mwilini. Ningewaita wote waje mmoja mmoja mpaka lini? Mwili nilikuwa nao palepale bandani. Rika lao, urefu wa katikati yao. Tukawa tunamvalisha yeye. Kila gauni lililotoka kwenye cherehani lilipita mwilini mwake kwanza. Alipanda juu ya kigoda, akanyoosha mikono, akageuka taratibu, nami nikazunguka chini na pini mdomoni nikitazama kama pindo limekaa sawa. Mafundi walimpa jina, wakamwita mdoli. Aliitika.

Siku moja niliingia ghafla nikamkuta yuko peke yake na gauni mwilini, amepiga magoti sakafuni mbele ya kile kipande cha kioo tunachoegemeza ukutani. Kichwa ameinamisha, na kiganja chake mwenyewe amekiweka juu ya utosi, kama mchungaji anavyowawekea watoto siku ya kipaimara. Aliponiona aliinuka haraka.

"Nilikuwa naangalia kama watalikanyaga wakipiga magoti, mama mdogo."

"Livue. Utalichafua kwenye magoti."

Hilo ndilo nililomjibu. Nilikuwa nimeelewa vizuri sana alichokuwa akifanya, mimi si mjinga. Nilielewa, na nikawaza sakafu.

Kisha ikaja siku ya sindano. Tulikuwa tumebanwa, madirisha yamefungwa tangu asubuhi, na joto la Novemba kabla ya mvua halina adabu. Nadhani alisinzia. Sindano ya cherehani ilimpita kwenye kidole, katikati ya ukucha, ikatoka upande wa pili. Hakupiga kelele, alitoa pumzi tu. Nilikuwa nyuma yake. Niliruka, na mkono wangu ulipofika ulivuta kitambaa. Kitambaa kwanza. Nilikitoa chini ya kile kidole kabla damu haijadondoka, nikakikunja kifuani kwangu, ndipo nikageuza gurudumu la cherehani kuinua sindano na kumwambia pole. Mafundi wote watatu waliniona. Fundi mmoja, mtu wa maneno kama mimi, alikwenda kufungua dirisha bila kuniomba ruhusa. Mtoto alifungwa kidole kwa kipande cha kitambaa kilekile cheupe, kutoka kwenye mabaki.

Gauni hilo lilitoka safi. Sijui nani alilivaa.

Wiki hizo mwinjilisti, yule anayewafundisha watoto wa kipaimara, alikuja kuangalia kazi imefikia wapi. Ilikuwa Jumamosi, ametoka darasani moja kwa moja na Biblia kwapani.

"Bwana Yesu asifiwe, mama."

"Amina, mwinjilisti. Karibu, ila usiingie na viatu."

Alisimama mlangoni. Mtoto alikuwa juu ya kigoda, gauni mwilini, mikono imenyooshwa. Mwinjilisti alimtazama usoni.

"Wewe si wa darasa langu?"

Mtoto alinitazama. Nikajibu mimi. Nilisema kazi ya kanisa imetuzidi, nilisema anasoma nyumbani, nilisema binti zangu wanamsikiliza. Mwinjilisti alitikisa kichwa polepole. Alikuwa anayataka magauni yake, na mimi nilijua anayataka.

"Basi yasichelewe," alisema.

Siku ya mtihani watoto huulizwa mafundisho mbele ya usharika mzima, na kabla ya hapo mchungaji hupitisha majina. La mtoto wa dada halikupita. Nilikwenda ofisini kwake nikiwa na maneno mengi. Mchungaji alinisikiliza mpaka nikaishiwa, kisha akasema hawezi kumpigisha mtoto magoti kwa kitu ambacho hajafundishwa. Alisema ni mwaka mmoja tu, mtoto bado mdogo. Aliongeza kwa upole kwamba amesikia magauni yamependeza sana. Sikuweza kumkasirikia, ingawa nilijaribu njia nzima ya kurudi.

Ilibaki kumwambia dada. Nilimpigia simu. Tukaongea kuhusu kahawa, kuhusu mvua, kuhusu ng'ombe aliyekuwa karibu kuzaa. Aliniambia ameshakata kitenge cha kuvaa siku hiyo. Nikamwambia kitampendeza. Nikapiga tena baada ya siku chache, tukaongea kuhusu kitenge hichohicho. Mtoto alikuwa anashona karibu nami mara zote mbili, na cherehani yake ilikuwa inanyamaza kila nilipotaja jina la mama yake. Nilipokata simu ilianza tena.

Nikapanga kumwambia asubuhi yenyewe, akifika kwangu, kabla hatujaenda kanisani. Ningemkalisha, ningempa chai. Lakini kulinyesha usiku kucha huko mlimani, njia ikaharibika, dada akachelewa, akaamua kupitiliza kanisani moja kwa moja.

Nami nilikuwa nimekwenda mapema, na nilikwenda na mtoto. Fundi wa sare haendi ibadani mikono mitupu, huwa kuna pindo litakalofumuka na kifungo kitakachoruka dakika ya mwisho. Nilimchomekea sindano na uzi mweupe kifuani kwenye blauzi yake, nikamwambia akae karibu na mstari.

Wasichana walipangwa uani, wametazama mlango wa kanisa, wametupa migongo. Sare ilikuwa imetimiza kazi yake. Huwezi kumjua mwenye nacho na asiye nacho. Dada alifika akihema, kitenge kipya, viatu amevishika mkononi kwa ajili ya tope, galoni la maziwa begani. Nilikwenda kumpokea.

"Shikamoo dada. Njoo kwanza, kuna kitu..."

"Marahaba. Usinionyeshe," alisema, na uso wake ulikuwa wa msichana. "Nitamtambua mwenyewe. Mtoto wangu namjua kwa kisogo."

Alinipa galoni nishike, akavaa viatu. Akaanza kupita nyuma ya mstari, pole pole, akitazama kisogo baada ya kisogo. Nilisimama na maziwa yake. Ningeweza kumwita. Alifika katikati ya mstari, akasita nyuma ya msichana mmoja, akatabasamu, akaona siye, akaendelea. Alipofika mwisho alimkuta mtoto wake yuko chini. Alikuwa amepiga magoti kwenye majani yenye maji, nyuma ya msichana wa mwisho, anamshonea pindo.

"Mbona hujavaa?" dada alimuuliza.

Mtoto alimalizia kwanza, akakata uzi kwa meno, akairudisha sindano kifuani, akalinyoosha pindo kwa kiganja. Aliinuka. Macho yake hayakwenda kwa mama yake, yalikuja kwangu, nami nilikuwa nimeshawafikia.

"Mwaka huu sipati, mama," alisema. "Sikuwa nahudhuria."

"Hukuwa unahudhuria vipi?"

"Nilikuwa napitia kwa rafiki zangu. Mama mdogo alikuwa ananituma darasani, mimi siendi."

Hakuna aliyemfundisha kusema hivyo. Nilijua hana rafiki hata mmoja Kijenge nzima, angewapatia wapi. Mimi ni mtu wa mdomo, waulize wauza nyanya wa Kijenge, waulize wateja wangu. Ilikuwa inatakiwa sentensi moja tu. Nilikuwa nayo, na kengele ikagongwa, mstari ukaanza kwenda, na watu walikuwa wanatusukuma kuingia. Hizo ni sababu. Nimezipanga vizuri kwa sababu nimezirudia mara nyingi.

Dada hakumpiga. Alimchomoa mtoto sindano kifuani, akanikabidhi. Kisha akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, ile mikono iliyonifulia na kunilisha.

"Nisamehe, mdogo wangu," alisema. "Nimekuletea mzigo."

"Usijali, dada," nilisema.

Ibada ilikuwa ndefu. Watoto walipopiga magoti mbele, mapindo yote yalikaa sawa, hakuna hata moja lililokanyagwa, na mama mmoja wa benchi la mbele yangu aligeuka kunipa pongezi kwa macho. Wakati wa chakula cha Bwana watu wa benchi letu waliinuka. Dada alikunja magoti upande kunipisha, na mtoto kando yake akayakunja yake vilevile, upande uleule, mikono imewekwa vilevile. Nikapita kati ya magoti yao na benchi la mbele. Nilikwenda, nikapiga magoti, nikapokea. Niliporudi wote wawili walikuwa wanatafuta wimbo kitabuni.

Dada hakukaa kula. Alisema anawahi kabla ya mvua nyingine, na kwamba ng'ombe anaweza kuzaa wakati wowote. Kabla ya kuondoka aliniambia nimkazie mtoto, nisimwonee huruma kwa sababu ni wa kwake, na kama ikibidi fimbo, fimbo. Nilimjibu nitajitahidi. Maziwa tuliyanywa jioni na wageni, yalikuwa mazuri sana, kila mtu aliuliza yametoka wapi.

Siku iliyofuata nilimwita mtoto bandani kabla mafundi hawajafika. Nilitaka kumkasirikia, ingekuwa rahisi kwangu.

"Kwa nini ulimdanganya mama yako?"

Alikuwa anafagia nyuzi. Hakuacha.

"Angenichukua," alisema. "Na kola bado sijaijua."

Niliondoka pale nikaenda kukaa jikoni. Mume wangu aliniuliza kama naumwa, nikamwambia ni moshi.

Kola nimemfundisha, na zipu. Madirisha nimeyawekea wavu mwembamba wa kuzuia vumbi na sasa yanafunguliwa, na jagi la maji liko juu ya meza ya kukatia, atakayelimwaga tutagombana siku hiyo. Mambo yenyewe ni madogo, sikuyasema ili nisifiwe. Bado ni mtoto, na bado anashona kwangu. Jumamosi namsindikiza mwenyewe mpaka kwenye geti la kanisa, nasubiri mpaka aingie, na hapo ndipo ninapoadhibiwa, kwa sababu watu wananipongeza. Habari ya mtoto mkaidi ilienea. Wazee wa kanisa wananiambia nimefanya kazi nzuri ya kumnyoosha. Mwinjilisti alinitolea mfano darasani, mlezi asiyekata tamaa. Dada ananipigia na kuniombea baraka mpaka nasogeza simu mbali na sikio. Mtoto yeye anaitwa mkaidi, na akiitwa anaitika, kama alivyoitika mdoli.

Kumwambia dada bado. Nasema nitamwambia akishapata kipaimara, ili nisimharibie furaha. Nimeisikia tena hiyo sauti ya mama.

Siku hizi anakariri mafundisho huku akishona. Mguu kwenye kanyagio, macho kwenye mshono, midomo inasema amri moja baada ya nyingine. Jana mafundi walikuwa wameshaondoka, akaniomba nimsikilize, maana mtihani umekaribia na anataka ahakikishe. Nilikaa kwenye kigoda kilekile alichokuwa akisimamia. Ya kwanza aliisema vizuri na maana yake. Ya pili, ya tatu, hakukosea. Ile ya kuheshimu wazazi aliisema bila hata kupumua. Alipofika ya nane, ile inayokataza kumsemea mwenzako uongo, alisimamisha cherehani. Nilidhani amesahau, nikataka kumwanzishia. Hakuwa amesahau. Alikuwa ananitazama, kwa upole wake uleule, ananisubiri.

"Nenda inayofuata," nilimwambia.